Haki ya Msafiri Akikamatwa Ugenini



Safari si jambo geni kwa watu wa pwani. Wazee wetu wa Bagamoyo walivuka bahari kwa majahazi wakifuata kaskazi na kusi. Leo vijana wa Zinga hupanda ndege kwenda Muscat, Dubai na Riyadh kutafuta riziki. Siku ya kuagana tunawasomea dua na kuwausia swala na adabu. Hata hivyo, usia mmoja huwa tunausahau: afanye nini mtoto wetu iwapo atatiwa mbaroni katika nchi ya watu?

Jibu limo katika kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli. Tanzania imo katika mkataba huo, na vivyo hivyo Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Kifungu hicho kinaamuru kwamba mgeni anapokamatwa aelezwe bila kuchelewa kuwa anayo haki ya ubalozi wake kupewa habari. Akitaka, waliomkamata wanawajibika kuipeleka habari hiyo. Barua yake kwa ubalozi isizuiwe. Afisa wa ubalozi naye aruhusiwe kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maandishi matupu. Na watazame kisa cha Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea aliyehamia Kongo mwaka 1964. Novemba 1995 alikamatwa, akawekwa kizuizini siku 66 mfululizo, na mwisho wa Januari 1996 akafukuzwa nchini. Guinea iliishitaki Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Kongo ilijitetea kwamba alielezwa haki yake kwa mdomo, ushahidi haukuonekana. Mwaka 2010 Mahakama ilitamka kwamba kumweleza aliyekamatwa ni wajibu wa waliomkamata, hata kama yeye hakuuliza, na hata kama ubalozi umekwisha kusikia kwa njia nyingine. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa fidia ya dola 95,000 za Marekani.

Tusidanganyane: ubalozi hauna funguo za gereza. Aliyevunja sheria ya nchi atahukumiwa kwa sheria ya nchi hiyo. Lakini ipo tofauti kubwa baina ya aliyesimama mahakamani akiwa na wakili na mkalimani, na aliyetia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma.

Kinachoumiza zaidi ni kimya chetu wenyewe. Habari ya kukamatwa ikifika, wapo wanaoizika kwa kuogopa maneno ya majirani. Watu huambiwa kijana hajambo, yuko kazini. Na siku za mwanzo, zenye thamani kuliko zote, zinapotea. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi kabla ya safari tufanye mambo manne. Mosi, nakala ya pasi yake ya kusafiria ibaki nyumbani. Pili, namba ya ubalozi wetu katika nchi aendako iandikwe kwenye karatasi, si kwenye simu pekee, kwani simu yaweza kutwaliwa. Tatu, ajifunze sentensi moja kwa Kiarabu na kwa Kiingereza: "Mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wangu uarifiwe." Nne, asisafiri kwa pasi wala jina lisilo lake, maana ubalozi humsaidia raia unayeweza kumthibitisha.

Na habari mbaya ikifika, mzazi asisubiri. Auandikie ubalozi au Wizara ya Mambo ya Nje siku hiyohiyo, akitaja jina kamili la mwanawe, namba ya pasi na mahali alipokamatwa. Anayeona uzito wa kuandika na aje ofisi ya msikiti baada ya swala ya alasiri. Tutaandika pamoja, na siri yake itabaki kuwa amana.

Wabillahi tawfiq.