Kiti cha Msomi, Muhuri wa Mfalme

Yapo masimulizi yanayorudiwa sana katika kumbi za mihadhara: kwamba katika karne ya 18 wanafalsafa waliiteka Akademia ya Kifaransa kwa nguvu ya hoja. Nayapinga. Waliiteka kwa fitina, kama walivyofanya mahasimu wao makasisi.

Akademia hiyo, iliyoasisiwa na Kardinali Richelieu mwaka 1635, ilikuwa na viti 40, na kwa kawaida kiti hakikuwa wazi mpaka mwenyewe afariki. Wanachama walipiga kura, lakini mfalme ndiye aliyeridhia. Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa ubaya wote.

Mwaka 1743, alipofariki Kardinali Fleury, Voltaire alikitaka kiti chake. Askofu Boyer, aliyekuwa mwalimu wa mrithi wa ufalme, akamzuia. Mdhihaki huyo mkuu wa makasisi akaandika barua za kujitangaza Mkatoliki mwema! Hazikumfaa kitu. Alipoingia mwaka 1746, kipaji chake kilikuwa kile kile. Kilichoongezeka ni hisani ya Madame de Pompadour, kimada wa mfalme.

Mwaka 1753 akachaguliwa Alexis Piron. Boyer huyo huyo akamfikishia Louis XV shairi la matusi ambalo Piron alilitunga ujanani, na mfalme akakataa kuridhia. Piron akapozwa kwa pensheni ya livre 1,000, kiti kikamwendea Buffon. Mtaniambia Buffon alistahili. Naam, alistahili, lakini mlango haukufunguliwa na ustahili wake. Ulifunguliwa na ujana wa Piron.

Na wanafalsafa je? D'Alembert aliingia mwaka 1754 kwa juhudi za Madame du Deffand, na mwaka 1772 akawa katibu wa kudumu. Wagombea sasa walijadiliwa katika sebule ya Julie de Lespinasse kabla ya kura kupigwa. Mwaka huo huo wa 1772 Delille na Suard walichaguliwa, mfalme akawakataa. Wakaingia mwaka 1774.

Diderot, mhariri wa Encyclopédie, aliyepigiwa debe na Voltaire mwaka 1760, hakuingia kamwe. Kwa miaka 11 mshirika wake wa zamani, d'Alembert, alishika kalamu ya ukatibu, na Diderot alifariki mwaka 1784 bila kiti. Watetezi wa Akademia hujibu kwamba mfalme asingemridhia. Ndivyo ninavyosema na mimi.