Baiskeli juu ya gari: tufunge kwanza, tutawakali baadaye

Tangu barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga hadi Mpanda ilipozinduliwa mwaka 2022, safari za familia katika Mkoa wa Katavi zimekuwa nyepesi kuliko zilivyopata kuwa. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kila neema huja na wajibu wake, na wajibu tunaotaka kuuzungumzia leo ni ule wa kuzichukua baiskeli zetu juu au nyuma ya magari bila ya kuhatarisha roho za watu. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili laweza kuonekana dogo mno kwa tahariri. Sisi hatulioni hivyo.

Msomaji wetu wa Makunduchi au Chake Chake ana haki ya kuuliza: sisi na Mpanda wapi na wapi? Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, na Pemba kilomita 67 hivi. Mtu wa Wete mwenye haja Chake Chake hupanda baiskeli yake baada ya sala ya alfajiri akafika kabla jua halijawa kali. Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una zaidi ya kilomita za mraba 45,000, yaani unazizidi Unguja na Pemba kwa pamoja zaidi ya mara kumi na tano. Huko baiskeli ni ya lazima kama ilivyo kwetu, ila masafa yanamlazimisha mtu kuipakia garini. Wapo ndugu zetu wa visiwani wanaotumikia taasisi za Muungano katika mikoa hiyo pamoja na wake na watoto wao. Na hapa kwetu nani asiyeziona baiskeli zilizolazwa juu ya gari za shamba, zimefungwa kwa kipande cha tyubu kuukuu? Kwa hiyo habari ya Mpanda ni habari yetu sote.

Iko sababu nyingine inayoifanya Katavi kuwa mfano mzuri. Barabara itokayo Mpanda kwenda Mpimbwe na kuendelea Sumbawanga hupita Sitalike, kisha huingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Humo mna tembo, nyati na simba, na katika mto Katuma viboko hurundikana kwa mamia wakati wa kiangazi maji yanapopungua. Mna pia mbung'o, nzi anayefuata kila kitu kinachokwenda, hasa chenye rangi nyeusi au buluu, na ambaye aweza kuleta ugonjwa wa malale. Njia hiyo si ya kumpitisha mtoto juu ya baiskeli. Familia ya Mpanda inayotaka kuwatembelea wazee Kibaoni, na kuwaacha watoto waendeshe baiskeli zao katika vijia vya kijiji, haina budi kuzipakia baiskeli na kuzipitisha hifadhini ndani ya ulinzi wa gari. Vivyo hivyo familia iendayo Karema au Ikola kuliona Ziwa Tanganyika. Kwa watu hawa keria ya gari ni chombo cha safari, na kuiita anasa ni kutoijua njia yao.

Tunalisema hili kwa sababu zipo fikra zilizobaki kwamba mfanyakazi akitembea na watoto wake kwa mapumziko anaiga maisha ya mabwana. Fikra hizo si sahihi. Baiskeli ndiyo iliyombeba mwalimu, mkunga, bwana shamba na balozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya kuijenga nchi. Haigeuki kuwa chombo cha kibepari kwa kuwa siku ya Jumapili inampeleka mtoto kuiona nchi yake. Mtoto aliyeiona nchi kwa miguu na kwa baiskeli huipenda kuliko yule aliyeiona kwenye ramani tu.

Basi mwenye gari achague keria gani? Neno keria wengi wetu tunalijua kwa kile chuma cha nyuma ya baiskeli kinachobeba gunia au abiria. Hapa tunazungumzia keria ya gari, ile inayoibeba baiskeli yenyewe. Ziko za namna tatu, na kila moja ina faida na kasoro zake.

Ya kwanza ni keria ya paani. Baiskeli husimamishwa juu ya vyuma viwili vilivyokingamana na paa, ikashikwa kwenye fremu au kwenye foki. Faida yake ni kwamba mlango wa nyuma hufunguka, na taa pamoja na kibao cha namba huonekana. Kasoro yake ni uzito na kimo. Paa la gari dogo kwa kawaida huruhusiwa kubeba kati ya kilo 50 na 75, pamoja na uzito wa keria yenyewe. Baiskeli zetu za chuma, za aina ya Phoenix na wenzake, hukaribia kilo 20 kila moja. Tatu tu, ukiongeza na vyuma vya keria, zimekwisha kulifikisha paa kwenye mpaka wake au kulivusha. Tena uzito uliowekwa juu huifanya gari iyumbe katika kona yenye mchanga, na dereva aliyesahau kimo kipya cha gari lake hukumbushwa na tawi la mwembe.

Ya pili ni keria ya mikanda, inayoning'inizwa kwenye mlango wa buti. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei, na ndiyo inayowavutia wengi. Waswahili wamesema rahisi ni ghali. Keria hizo nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya baiskeli nyepesi za nchi nyingine, na mara nyingi mtengenezaji huweka kikomo cha kilo 15 kwa kila baiskeli. Ukiitundika ya kilo 20 na kuipitisha katika barabara ya vumbi yenye mawimbi, mikanda hulegea kidogo kidogo bila dereva kujua. Kulabu zake hubonyeza bati na kukwaruza kioo. Baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, haina pa kuningʼinia mpaka iongezewe fimbo ya chuma. Juu ya yote hayo, taa za nyuma na kibao cha namba hufichika. Kwa baiskeli moja ya mtoto, katika lami na kwa mwendo wa pole, keria hiyo yaweza kufaa. Kwa njia ya kwenda Karema hatuishauri.

Ya tatu ni keria inayochomekwa kwenye ndoano ya kuvutia tela, iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Iliyo bora katika aina hii ni ile yenye kitanda, ambamo magurudumu hukaa na fremu ikashikwa kwa mkono wa chuma. Hubeba uzito mkubwa, tena mama wa nyumba aweza kupakia bila kunyanyua baiskeli kupita kichwa chake. Lakini huirefusha gari kwa nyuma, na katika makorongo na madaraja ya chini yaweza kugonga ardhi. Vumbi na moshi huishia kwenye mnyororo wa baiskeli, kwa hiyo kuifunika kwa turubali na kuipaka mafuta baada ya safari ni lazima. Nayo yahitaji taa zake na kibao chake cha namba, kwa sababu zile za gari zimezibwa.

Ushauri wetu ni kwamba mwenye gari aanze na mzani kabla ya duka. Azipime baiskeli zake, asome katika kitabu cha gari paa au ndoano inabeba kilo ngapi, ndipo aulizie bei. Na mwenye pikapu, au mwenye Noah ambayo viti vyake vya nyuma hukunjwa, ajue kwamba huenda hana haja ya keria hata kidogo. Atoe gurudumu la mbele, alaze baiskeli juu ya gunia, aifunge isitembee, wala asimkalishe mtoto pembeni mwake. Kununua kisichohitajika si maendeleo.

Baada ya kuchagua, kubaki kufunga. Tulifundishwa chuoni tangu utotoni kwamba Mtume wetu alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo atawakali kwa Mwenyezi Mungu. Na sisi watu wa pwani tunajua kwamba nahodha haanzi kuifunga shehena baada ya kupandisha tanga. Kipande cha tyubu hunyumbuka, na kinyumbukacho hulegea. Kinafaa kuzuia kelele za chuma kwa chuma, hakifai kuwa ndicho kifungo cha pekee. Kila baiskeli ifungwe mahali pawili kwa mkanda au kamba madhubuti, gurudumu la mbele lifungwe lisigeuke, pampu na kengele zitolewe. Dereva asimame baada ya kilomita kumi za mwanzo akague, kisha akague tena kila aachapo lami na kuingia vumbini. Akumbuke pia kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya upepo inayoivuta baiskeli huongezeka mara nne. Kifungo kilichotosha kwa kilomita 40 kwa saa katika barabara ya zamani si lazima kitoshe kwa 80 katika lami mpya. Baiskeli ikichomoka, hailiumizi gari lililoibeba. Humwangukia mwendesha bodaboda aliye nyuma, mtu asiye na hatia yoyote.

Hadi hapa tumesema na wenye magari, nao ni wachache. Wananchi walio wengi baiskeli zao husafiri juu ya basi, na huko hali hairidhishi. Nauli ya baiskeli hutajwa na utingo kwa kumtazama mwenye baiskeli usoni. Stakabadhi hakuna. Magunia hulazwa juu yake, na anayeshuka hupokea spoku zilizopinda na lawama kwamba baiskeli ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mkulima aliyeuza mahindi ya msimu mzima ili anunue chombo hicho hana kwa kulalamika. Tusiite jambo hilo bahati mbaya, kwani ni ulanguzi na uzembe, na vyote viwili vina dawa.

Dawa hiyo haihitaji kuletwa kutoka ng'ambo. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa katikati ya karne iliyopita kwa ajili ya madini ya risasi, imerithi desturi ya reli zote: mzigo hupimwa, hutiwa alama, mwenyewe hupewa stakabadhi, na mzigo hukaa katika behewa lake mbali na abiria. Kama utaratibu huo umewezekana katika treni tangu zama za mkoloni, hatuoni kwa nini usiwezekane katika basi la leo.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa viongozi wa ngazi zote. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, isimamie nauli ya baiskeli iliyobandikwa wazi na stakabadhi kwa kila baiskeli inayopakiwa. Jeshi la Polisi, linaposimamisha gari kukagua matairi, likague pia kilichofungwa juu na nyuma yake: kama kimekaza, na kama taa na namba zinaonekana. Shirika la SIDO, ambalo tangu mwaka 1973 limepewa kazi ya kuinua viwanda vidogo, likae na mafundi wa kuchomelea vyuma wa Mpanda watoe mchoro mmoja wa keria imara inayoyafaa magari yetu na baiskeli zetu nzito, na Shirika la Viwango liipime kabla haijauzwa. Fundi anayetengeneza kitanda, geti na toroli hashindwi na vyuma viwili vya paani. Akishindwa, ni kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kipimo. Huko ndiko kujitegemea kwa vitendo, na fedha zitabaki Mpanda.

Viongozi wa visiwani nao wasingoje. Gari za shamba na mabasi ya Pemba yaweza kuwekewa utaratibu huo huo bila gharama kubwa, kwani paa lipo, chuma kipo na mafundi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kulisimamia jambo lenyewe.

Kuna kiongozi atakayesema kwamba mkoa wenye haja ya maji, madawati na zahanati hauwezi kushughulikia keria za baiskeli. Tunamjibu kwa heshima kwamba haya tuliyoyataja hayaondoi hata shilingi moja katika maji wala zahanati. Yanataka saini, ukaguzi na mchoro. Na zahanati hiyo hiyo ndiyo itakayompokea mtu aliyeangukiwa na baiskeli barabarani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tunaouona leo kwenye barabara mpya za Katavi bado ni mwembamba.