KIJANA, PIMA KWANZA KABLA HUJADUNGWA SINDANO YA "UANAUME"

Siku hizi mitandaoni kila kona ni stori za sindano ya homoni. Kuna staa mmoja wa hapa Bongo (jina kapuni) karusha klipu, kifua kimejaa, anawaambia vijana ukiona unachoka choka na mambo ya chumbani yanagoma, dawa ni testosteroni tu. Chini yake maswali ni "bei gani?" na "napata wapi?" Sijaona aliyeuliza "napima wapi?" Hapo ndo mimi na huyo staa tunapoachana.

Nisieleweke vibaya. Hii ni dawa ya kweli na kuna wanaume imewasaidia sana. Yupo ambaye korodani zake ziliumia, yupo aliyeugua matubwitubwi ukubwani yakashukia huko chini, yupo aliyepitia matibabu ya saratani, na yupo mwenye uvimbe kwenye ile tezi ya chini ya ubongo inayoziamrisha korodani. Mwili wa mtu kama huyo hautengenezi homoni ya kutosha. Akipewa sio anasa, ni sawa na mgonjwa wa kisukari kupewa insulini. Wala asione aibu.

Ila utamjuaje? Sio kwa kumwangalia kitambi. Madaktari wanataka vitu viwili kwa pamoja: dalili, na vipimo vya damu vilivyochukuliwa asubuhi, siku mbili tofauti. Asubuhi kwa sababu homoni hii huwa juu mapema, halafu inashuka jinsi siku inavyokwenda. Ukipima jioni baada ya mihangaiko unaweza kuambiwa huna wakati unayo. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kimeweka mstari kwenye nanogramu 300 kwa desilita. Ukiwa chini ya hapo, na dalili unazo, ndo mazungumzo ya tiba yanaanza.

Maana uchovu una baba wengi. Kulala masaa manne, pombe kila wikiendi, unene, kisukari ambacho hujui kama unacho, mawazo ya kodi ya nyumba. Na likija suala la kusimama, mara nyingi shida ipo kwenye mishipa ya damu, sukari, presha au mawazo. Ukikimbilia sindano, ugonjwa wenyewe unabaki unakutafuna taratibu.

Sasa lile ambalo staa wetu hakulisema. Ukiingiza testosteroni ya nje, ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kuziamrisha korodani. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, kwa wengine zinaisha kabisa. Yaani sindano ya "uanaume" inaweza kukunyima mtoto! Ukiacha, mara nyingi mbegu zinarudi, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka.

Piga picha kijana wa miaka 25, kaoa juzi, anadungwa kimya kimya ili kifua kijae. Mwaka unapita, mimba hakuna. Nani atasemwa? Mke. Mawifi watamsema, atazungushwa kwa waganga, ataitwa tasa, na mwenye siri yake kakaa kimya anajiangalia kwenye kioo. Hili ndo linaloniuma zaidi.

Bado damu inaweza kuwa nzito kupita kiasi, ndo maana anayetibiwa kihalali hupimwa damu na kuangaliwa tezi dume kila baada ya muda. Yule anayekuuzia kichupa jimu atakupima lini?

Msimamo wangu ni huu: una dalili, nenda hospitali, pima asubuhi mara mbili, mwambie dokta wazi kama bado unataka watoto, na mkeo ajue. Ukikutwa na upungufu kweli, tumia dawa bila woga. Ukikutwa uko sawa, okoa hela yako, kalale mapema.

Nyie mnasemaje? Shusha maoni yako hapo chini, matusi hapana.