Jina Tupu Halitoshi, Taja na Toleo Lake



Najua kurasa hizi tumezoea kuzungumzia viza, ada, na nani safari hii atapika pilau siku ya Uhuru. Leo naomba mnivumilie niongee mambo ya kompyuta. Na nyie mnaosoma uuguzi na uhasibu, msigeuze ukurasa kwanza, maana mwisho wa yote habari yenyewe ni ya kawaida kabisa: mwenzenu nilimsingizia mtu kosa, kwa maandishi, kwa sababu kipimo nilichokiamini kilinidanganya.

Nianze na kitu kila mmoja wetu anakijua. Nenda kwenye sherehe ya Waswahili kule kusini-magharibi ya Houston, simama mlangoni uite "Juma!" Watageuka watatu. Hakuna atakayeshangaa. Mwenyeji atakuuliza tu, "Juma yupi, wa Tanga au wa Mombasa?" Sasa fikiria pale mlangoni kuna mlinzi mwenye orodha iliyoandikwa "Juma wa Tanga" na "Juma wa Mombasa". Unamwuliza, "Juma yupo?" Anaangalia orodha, anakujibu, "Hakuna mtu wa jina hilo." Au mbaya zaidi, anakuletea Juma yeyote aliyemwona wa kwanza, wala hasemi kama walikuwa wawili. Zana zetu za kupima mwendo wa programu zimewahi kuwa na tabia zote hizo mbili.

Nieleze kidogo kwa wasio wa fani. Programu kwenye Linux haibebi kila kitu chake mgongoni. Kazi nyingi inaazima kutoka kwenye maktaba za pamoja, na kubwa kuliko zote ni glibc. Humo ndani kila fanksheni ina jina. Shida inakuja pale watengenezaji wanapotaka kubadilisha fanksheni wakati kuna maelfu ya programu za zamani zinazoitegemea ilivyo. Wakiibadilisha tu, za zamani zinaanguka. Basi wanaweka zote mbili, ya zamani na mpya, kwa jina lilelile, kila moja na kibandiko cha toleo lake. Wazo la vibandiko lilitoka kwa Sun na Solaris yao miaka ya 1990. glibc ililichukua kuanzia toleo 2.1 la mwaka 1999, ikaongeza ruhusa ya jina moja kuwa na matoleo kadhaa ndani ya maktaba moja.

Mfano ni pthread_cond_wait, fanksheni ambayo uzi mmoja wa programu huitumia kulala usingizi ukisubiri kuamshwa na mwingine. Kwenye kompyuta za kawaida za biti 64 zipo mbili: pthread_cond_wait@GLIBC_2.2.5, ambayo ni ya zamani, na pthread_cond_wait@@GLIBC_2.3.2. Hizo @ mbili maana yake ni kwamba hili ndilo toleo la kawaida, analopewa kila anayekompaili programu mpya.

Mpango huu una busara yake. Mwaka 2010, Fedora 14 ilipotoka na memcpy mpya yenye kasi zaidi, watu walianza kusikia sauti za ajabu kwenye Flash ya Adobe. Kumbe Flash ilikuwa inaitumia memcpy vibaya, kwa kunakili sehemu mbili za kumbukumbu zinazopandana. Kwa bahati memcpy ya zamani ilikuwa inasamehe, hii mpya haikusamehe. Mwaka 2011, glibc 2.14 ikatoa memcpy yenye kibandiko chake kipya, na programu za zamani zikaachiwa ile inayosamehe. Kwa lugha ya kwetu, wazee wameachiwa kiti chao. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na zana za kupimia zinazojifanya hazioni kwamba viti ni viwili.

Sasa kisa changu. Utafiti wangu ni wa kuharakisha programu zinazochambua mitetemo ya ardhi, zile wanazotumia watu wa mafuta kuona kilichopo chini. Ndiyo maana Dallas na Houston nimezifanya kama nyumba na jiko: maili 240 hivi za barabara ya I-45, thermosi ya chai pembeni, na maandazi kama kuna mama aliyetuhurumia. Na Houston kwa kazi hizi si mahali pa mchezo. Chuo Kikuu cha Rice palepale mjini ndiko ilikozaliwa HPCToolkit, mojawapo ya zana zinazoheshimika duniani kwa kupima programu kubwa.

Kiangazi kimoja nilikuwa na zana yangu mwenyewe, ndogo tu, ya kupima nyuzi za programu zinalala muda gani. Ilikuwa inakaa katikati: programu ikiita pthread_cond_wait, zana inapokea, inaangalia saa, halafu inaipeleka kwenye fanksheni halisi. Ili kuipata hiyo fanksheni halisi, niliiuliza maktaba kwa njia wanayofundishwa wote, dlsym, kwa jina tupu. Dallas, kwenye kompyuta mpya ya maabara, ikafanya kazi safi kabisa. Nikaenda Houston, kwenye kituo kimoja nilichokuwa nashirikiana nacho, seva zao bado zina glibc 2.17. Nikakompaili zana yangu palepale, nikawasha programu yao. Ikaganda. Nikarudia, ikaganda tena.

Mwenzenu nikafanya nini? Nikaandika ripoti. Nikasema programu yenu ina kosa, nyuzi zinasubiriana mpaka kiama, nikaweka na mchoro. Kule kulikuwa na mhandisi mmoja mzee, mtu mpole, ambaye ile programu ameilea miaka mingi. Hakubisha. Aliniuliza swali moja tu: "Na bila zana yako, inaganda?" Jamani, nilikuwa sijajaribu.

Bila zana haikuganda. Tukakaa wote wawili na readelf, tukafuata anwani moja baada ya nyingine, na kosa likaonekana mchana kweupe. Kwenye glibc za zamani, ukiuliza jina tupu kwa njia niliyotumia mimi, unaweza kupewa toleo la zamani badala ya lile la kawaida. Nilipewa Juma wa Tanga, programu inaongea na Juma wa Mombasa. Toleo la 2.2.5 linaamini kwamba mahali pa kusubiria panahifadhi anwani moja tu ya baiti 8. Programu ilikuwa imeweka pale muundo wa toleo jipya, baiti 48. Kulala kunapita kwenye zana yangu kwa toleo la zamani, kuamsha kunapita moja kwa moja kwa toleo jipya, hawaelewani kabisa. Dallas haikutokea kwa sababu glibc ya kule ni mpya na tabia hiyo imeshasahihishwa. Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: kutumia dlvsym, ambayo unaitajia jina pamoja na toleo.

Mstari mmoja. Lakini ripoti ilikuwa imeshatumwa, na jina la mzee wa watu lilikuwa limeshatajwa kwenye mkutano ambao mimi sikuwepo. Niliandika barua ya kusahihisha na kuomba radhi. Alinipokea vizuri. Hata hivyo nyote mnajua, ukiwa mwanafunzi wa kutoka kwetu katika chumba cha namna ile, kosa lako halihesabiwi kuwa lako peke yako.

Mtasema hayo ni makosa ya mwanafunzi aliyejitengenezea zana. Sawa. Basi tuangalie zana ya wakubwa, perf, inayokuja na Linux yenyewe. Kwa perf unaweza kutega mtego kwenye fanksheni yoyote, ukajua inaitwa lini na mara ngapi. Mwaka 2017 ndipo ilipofanyiwa marekebisho ya tatizo hili. Kwenye mashine za POWER, orodha kamili ya majina ya maktaba ilikuwa imeandika pthread_create@@GLIBC_2.17, kibandiko kikiwa kimegandishwa kwenye jina. Mtumiaji akiomba mtego kwenye pthread_create, perf inalinganisha herufi kwa herufi, haioni, inasema haipo. Ni yule mlinzi wa kwanza kabisa. Marekebisho yakaifanya ikubali jina tupu na kuchukua toleo la kawaida. Kulitaja toleo lingine nako kulikuwa na mushkeli wake, kwa sababu alama ya @ perf ilikuwa inaitumia tayari kutajia faili la msimbo, ikabidi baadaye iongezwe njia ya kuikinga.

Maoni yangu ni haya. Kuchukua toleo la kawaida ni uamuzi mzuri, mara nyingi ndilo mtu analolitaka. Kuchukua kimyakimya ndiyo siungi mkono. Zana ya kupimia ikikuta jina moja lina matoleo mawili, iseme: "nimeona mawili, anwani zake hizi hapa, nimetega kwenye hili." Mstari mmoja tu. Na isipoona kitu, kabla ya kusema "hakuna" iangalie kama kuna jina linaloanza hivyohivyo lenye kibandiko. "Sijaona" na "hakuna" ni maneno mawili tofauti, na mtu anayesoma matokeo saa nane za usiku hawezi kuyatofautisha kama zana haikumsaidia.

Najua hoja za upande wa pili. Kuna wanaosema utawajaza wanaoanza maneno wasiyoyaelewa. Mimi nasema anayeanza ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa, mzoefu angeangalia mwenyewe. Wengine wanasema siku hizi kila kitu kimefungwa kwenye kontena, matoleo si tatizo tena. Kontena linasaidia kusafirisha, kweli. Kwenye kupima linaongeza kazi, kwa sababu ndani yake kuna glibc yake yenyewe, faili lingine kabisa. Ukitega mtego kwenye glibc ya mashine iliyolibeba, utakaa unasubiri panya kwenye nyumba ya jirani.

Na kwa nini nawasumbua nyie na haya? Kwa sababu sisi ndio tunaokaa kati ya kompyuta mpya za huku na seva za nyumbani zinazotumika mpaka zichoke. Mwezi Agosti 2021, glibc 2.34 iliunganisha maktaba ya nyuzi, libpthread, ndani ya glibc yenyewe. Faili la zamani limebaki kama ganda tu, ukitega humo hupati kitu. Na majina mengi yakapata kibandiko kipya cha 2.34, hata kile kinachoianzisha programu yenyewe. Ukikompaili kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, halafu ukamtumia ndugu yako mwenye Ubuntu 20.04, yenye 2.31, hata programu ya kusema "Habari" tu itakataa kuwaka. Itamwambia GLIBC_2.34 haikupatikana. Rafiki yangu mmoja Dar es Salaam alinipigia simu akidhani nimemtumia faili bovu. Alipoteza siku mbili za kazi, kisa mimi sikumwandikia sentensi moja: "hii imekompailiwa juu ya glibc fulani."

Kwa hiyo ombi langu kwetu sisi, kabla hatujawadai wenye perf, ni dogo. Kwenye kila kipimo tunachokiandika, iwe tasnifu au barua pepe ya kumsaidia mtu nyumbani, tuandike toleo la maktaba pembeni ya namba. Zana ikisema fanksheni haipo, tufungue maktaba kwa readelf tuone kwa macho yetu. Na kabla ya kuandika kwamba programu ya mtu ina kosa, tuiwashe kwanza bila zana yetu. Huo ni ushauri wa mzee wa Houston, mimi nimeubeba tu.

Nilipokwenda kumwaga mwisho wa kiangazi kile, alinikabidhi karatasi. Ni ile ripoti yangu ya kwanza, ameichapa. Juu ya mchoro wangu ameandika kwa kalamu: toleo gani? Ninayo ukutani, maabara, juu ya kompyuta. Wanaonitembelea wananiuliza ni ya nini, na mimi nawasimulia kama nilivyowasimulia nyie, hata sehemu ya aibu.

Kama una maoni tofauti, hasa nyie wa kompyuta mnaoona nakuza mambo, kurasa hizi ni za wote, andika tubishane. Naomba kuwasilisha.