Wito si Mshahara

Kila mwezi wa tisa shule zikifunguliwa huku Kasongo na Kabambare, walimu wawili huingia katika madarasa yanayopakana. Mmoja ana namba ya matrikule kutoka Kinshasa, naye hulipwa. Mwenziwe hana namba. Kazi yao ni moja na chaki yao ni moja. Lakini mwisho wa mwezi huyu wa pili hurudi kwake mikono mitupu. Akiuliza, huambiwa: «Vumilia, mwalimu, kazi yako ni wito.»

Sisi tunakataa neno hilo, likitolewa mahali pa mshahara.

Tangu miaka ya 1990 franka za wazazi ndizo zilizomtunza mwalimu. Katiba ya 2006, fungu la 43, ilisema shule za msingi za serikali ni za bure, ila neno hilo lilianza kutimizwa nchi nzima mwaka 2019. Ni jambo jema, maana watoto wa maskini waliingia darasani. Lakini mwalimu asiye na namba alinyang'anywa hata kile kidogo.

Wengi huinyoshea Kinshasa kidole, na kweli deni la serikali ni kubwa. Walakini, kwa Mapatano ya 1977, serikali hulipa walimu, nalo Kanisa husimamia shule zake. Basi aliyemwita mtu huyu darasani si Kinshasa. Ni wasimamizi wetu wenyewe.

Watajibu: «Tusipomweka, watoto watakaa bila mwalimu.» Je, mwenye shamba humwita kibarua bila kupatana ujira? Papa Leo XIII, katika barua yake ya 1891 juu ya wafanya kazi, alifundisha kwamba kumnyima mtu ujira wake ni kosa linalolilia mbinguni.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Mwalimu aelezwe kwa maandishi, kabla ya kuanza, atapata nini na kutoka kwa nani. Orodha ya wasiolipwa isomwe mbele ya kamati ya wazazi, na namba zikija, atangulie aliyengoja zaidi, si ndugu ya mkubwa. Tena lisifunguliwe darasa jipya, hali walimu wa zamani wangali wakingoja.

Wito hutoka kwa Mungu. Ujira hutoka kwake aliyekuita kazini. Tusimtwike Mungu deni letu.