Maabara ya Umma na Lugha ya Sayansi

Suala la kuifikisha sayansi kwa umma limejadiliwa sana na wapangaji lugha, lakini aghalabu limechukuliwa kuwa ni suala la msamiati tu: istilahi zikishapatikana, elimu itawafikia watu. Mtazamo huo una upungufu. Istilahi huhitaji mahali pa kutumika na sababu ya kutumika. Mfano mmoja wa mahali pa namna hiyo ni Exploratorium, maabara ya umma iliyoko San Francisco, Marekani.

Maabara hiyo ilifunguliwa mwaka 1969 na Frank Oppenheimer. Mwanafizikia huyo alilazimika kuacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1949, baada ya kukiri kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. Kwa miaka kadhaa alifuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sayansi katika shule ya sekondari ya mji mdogo. Katika maabara aliyoianzisha, mgeni haambiwi asiguse. Huzungusha, husukuma na hujaribu mwenyewe. Karakana ya kuundia vifaa nayo iko wazi, ili watu waone jinsi vinavyotengenezwa.

Mwaka 1974 ulianzishwa mpango wa kuwaalika wasanii kufanya kazi humo. Hata kabla ya hapo, msanii Bob Miller alikwisha kuunda kazi iliyouongoza mwanga wa jua kwa vioo na miche hadi ukatawanyika kuwa rangi mbalimbali. Msanii hapo hakuwa mpambaji wa sayansi. Alikuwa mtafiti wa mwanga kama alivyo mwanafizikia, ila kwa njia yake.

Kwa mwanaisimu, jambo lenye uzito zaidi ni lugha. Wanaozungumza na wageni ni vijana, wengi wao wa umri wa shule ya sekondari, wala si mabingwa. Kazi yao si kuhutubia bali ni kuuliza, kusikiliza na kueleza. Mgeni huanza kwa kuona, hufuatia kulisema aliloliona kwa maneno yake, na istilahi huja mwisho, wakati dhana imekwisha kushikika.

Kiswahili kimefuata mkondo tofauti. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi zimesanifiwa, lakini wanafunzi waliotazamiwa kuzitumia hawana darasa la kuzitumia. Mtoto anayetazama kijiko ndani ya bilauri ya maji husema kijiko kimevunjika. Kauli hiyo ndiyo mwanzo wa fizikia. Inampasa apate mtu wa kumuuliza, kwa lugha hiyo hiyo, kwa nini kijiko kikitolewa kinaonekana kizima, mpaka afikie kusema kuwa kilichopinda ni mwanga.

Huenda ikadaiwa kuwa kuuachia umma istilahi kutaleta vurugu, kila mtu akitumia neno lake. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa sayansi haiwezi kwenda bila maneno yenye maana moja. Lakini usanifishaji huchagua miongoni mwa maneno yaliyopo. Pasipo na wasemaji, kamati hubaki kujichagulia yenyewe. Maabara ya umma haichukui nafasi ya kamati, bali huipa data.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili zisingoje sera ya elimu ibadilike ndipo zianze. Chumba kimoja, vioo, maji na jua, pamoja na fundi seremala, mchoraji, mwalimu wa fizikia na mwanafunzi wa isimu mwenye daftari, vyatosha kwa kuanzia. Mwanafunzi huyo aandike kila wanalolisema wageni, kwani mwenye kamusi naye ana la kujifunza kwa mtoto anayetazama kijiko.