Usafi kabla ya masika: Sugua jikoni, lakini usichanganye dawa

Katika mikoa ya pwani, mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Katika kipindi hicho nyumba hupata unyevunyevu, mende na panya hukimbilia ndani, na vyakula vya stoo huanza kuota ukungu. Ndiyo maana wiki moja au mbili kabla ya mvua ni wakati mzuri wa kufanya usafi mkubwa, ule wa kutoa vitu nje na kusogeza makabati, siyo kufagia na kupiga deki tu.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo mara nyingi huachiwa mtu mmoja, mama au dada wa kazi. Anakabidhiwa ndoo, brashi na chupa mbili tatu za dawa, bila maelezo yoyote. Matokeo yake nyumba inang'aa, lakini hatari zenyewe zinabaki palepale, na wakati mwingine inaongezeka nyingine mpya.

Sabuni kwanza, dawa baadaye

Wengi huamini kuwa dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa juu ya uchafu, kazi imekwisha. Sivyo. Mafuta, masizi na mabaki ya chakula hupunguza nguvu ya dawa na kuvificha vijidudu. Osha kwanza kwa sabuni na maji, suuza, ndipo utumie dawa.

Vyombo vya mbao vinahitaji uangalizi zaidi. Kibao cha kukatia, mwiko, kinu na mbuzi ya kukunia nazi vina nyufa ambamo chakula hunasa. Visugue kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, kisha vianike juani hadi vikauke kabisa. Kibao chenye mikwaruzo mirefu isiyosafishika kibadilishwe. Ikiwezekana, kuwe na vibao viwili, kimoja cha nyama, samaki na kuku wabichi, kingine cha mboga, matunda na mkate.

Ukitaka kutumia jiki kwenye kibao kilichokwisha kuoshwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya baridi kinatosha. Acha dakika chache, suuza kwa maji safi, anika. Maji ya moto huidhoofisha jiki na kuongeza mvuke wake.

Sponji na kitambaa cha kufutia vyombo navyo visisahaulike. Vikikaa na maji kwenye sinki usiku kucha, huwa makazi ya bakteria, na kesho yake ndivyo vinavyopitishwa kwenye sahani za watoto. Kamua, anika, na ubadilishe mara kwa mara.

Chupa mbili zisizopatana

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya siku ya usafi. Jiki ikichanganywa na dawa ya chooni yenye asidi, siki au hata ndimu, hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na dawa yenye amonia, hutoa gesi nyingine inayoitwa kloramini. Zote hushambulia macho, koo na mapafu. Mwenye pumu huumia haraka zaidi, na katika chumba kidogo kisicho na dirisha mtu anaweza kupoteza maisha.

Mara nyingi anayechanganya hana nia mbaya. Ameona doa la choo halitoki kwa dawa ya kwanza, akaongeza ya pili akidhani mbili zina nguvu kuliko moja. Kanuni ni rahisi: tumia dawa moja kwa wakati mmoja, fungua mlango na dirisha, vaa glavu. Mtu akianza kukohoa au macho kumwasha, atoke nje apate hewa safi kwanza, na akishindwa kupumua vizuri apelekwe kituo cha afya.

Hatari nyingine ni chupa yenyewe. Mafuta ya taa, jiki ya kupima na kostiki hununuliwa dukani na kutiwa kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, yeye anaona soda. Siku ya usafi ndiyo siku ya kuziondoa chupa hizo, kuziandika majina zile zinazobaki na kuziweka juu, kwenye kabati linalofungwa. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mafuta ya taa yanaweza kuingia kwenye mapafu anapotapika, na kostiki huunguza koo mara ya pili. Mpeleke hospitali haraka, na chupa uibebe.

Stoo na friji

Mahindi, unga na karanga viwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili visinyonye unyevu. Punje zilizoota ukungu, zilizovunjika au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa. Ukungu wa aina fulani hutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na ambayo haiondoki kwa kuchemsha chakula. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yalihusishwa. Punje zilizoharibika zisipelekwe kwa kuku wala kwenye unga wa uji wa mtoto.

Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu, maana vumbi lake huvutwa puani. Kiloweshwe kwanza kwa maji yenye dawa, kifutwe kwa tambara, na anayefanya kazi hiyo avae glavu.

Friji liwe na ubaridi wa nyuzi 5 au chini ya hapo. Nyama mbichi ikae rafu ya chini, ndani ya chombo kilichofunikwa, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kiporo kisikae nje zaidi ya saa mbili, na hata kikiwa frijini kisizidi siku tatu.

Maji yaliyosimama

Geuza friji uangalie nyuma. Mengi yana kisahani kinachokinga maji, na hapo mbu anayeeneza dengue anaweza kutaga. Mbu huyo huuma mchana na hupenda maji yaliyosimama, kwenye vazi za maua, ndoo, majaba na matairi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

Kumwaga maji pekee hakutoshi, kwa kuwa mayai hushika kwenye kingo za chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Sugua kuta za ndani kwa brashi kila wiki, kisha funika.

Kazi zote hizi hazimalizwi na mtu mmoja kwa siku moja. Baba anaweza kusogeza makabati na kupanda juu ya paa kuzibua mifereji, watoto wakubwa wakachambua mahindi na kusugua majaba. Dada wa kazi naye aelezwe, kwa heshima na kwa kuonyeshwa, ni chupa ipi isiguse ipi. Maelezo hayo huchukua dakika tano, nayo yafanyike kabla hajapewa ndoo.